Tangi limeota kutu: kuziba, kusafisha au kununua jingine?

GARI limetoka Bambi alfajiri, limejaa mikungu ya ndizi, muhogo na mafungu ya mchicha. Hadi Dunga linakwenda vizuri. Likikaribia Mwera linaanza kukohoa, linavuta, linasita, kisha linazima katikati ya barabara. Dereva anafungua boneti, anachomoa chujio la mafuta, analipuliza kwa mdomo, linatoka vumbi la rangi ya udongo mwekundu. Gari linawaka, linakwenda kilomita tatu, linazima tena. Mzigo unapofika Mwanakwerekwe wachuuzi wakubwa wameshanunua na kuondoka, na ndizi zinauzwa kwa bei ya mwisho wa soko.

Mwenye gari hulaumu kwanza kituo cha mafuta, kwamba kimemuuzia petroli chafu. Baada ya hapo hulaumu pampu, hununua pampu. Halafu kabureta, nayo husafishwa au hubadilishwa. Mara nyingi fundi wa tatu au wa nne ndiye anayekuja kushusha tangi na kuligeuza juu chini, na hapo hutoka kopo zima la kutu na maji.

Katika gereji na vibanda vya kuchomea vilivyo Amani na mitaa ya jirani, mjini Unguja, si mbali na uwanja wa mpira uliofunguliwa mwaka 1970 na kukarabatiwa upya mwaka 2023, kazi ya namna hii si ngeni. Unguja ni kisiwa ambacho gari halitupwi kwa sababu tu limezeeka. Land Rover za miaka ya 1960 na 1970, Peugeot 404 na 504, Bedford zenye bodi ya mbao na Vespa zilizorithiwa kutoka kwa mababu bado zina wenyewe. Baadhi hutunzwa kwa mapenzi au kwa kukodishwa kwenye harusi na kwa watalii wanaokwenda Mji Mkongwe. Nyingine bado zinafanya kazi ya shamba, na hizo ndizo zinazohusu zaidi ukurasa huu, kwa sababu kila siku zinapolala gereji kuna mzigo unaooza au unaobebwa kwa nauli ya mtu mwingine.

Wenye Land Rover hujisifu kwamba gari lao halioti kutu. Ni kweli kwa nusu. Sehemu kubwa ya bodi ya Land Rover za zamani ni ya aluminiamu, lakini chasisi na tangi ni vya chuma. Kwenye Land Rover fupi ya inchi 88 tangi la kawaida la lita 45 hivi liko chini ya kiti cha mbele, upande wa kulia. Tope, maji ya mvua na chumvi hujikusanya juu yake na kwenye mikanda inayolishika, na mwenye gari haoni kitu mpaka siku anaposikia harufu.

Chumvi ndiyo adui mkubwa. Hewa ya pwani peke yake inatosha kuharakisha kutu, lakini kuna jambo jingine ambalo wenye magari ya mizigo wanalifahamu. Tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Paje mwaka 1989, magari mengi ya zamani yamekuwa yakibeba mwani kutoka vijiji vya mashariki. Mwani ambao haujakauka vizuri unachuruzika maji ya bahari, na maji hayo hupita kwenye mianya ya sakafu hadi kwenye tangi. Mzigo wa samaki na dagaa ni hivyohivyo. Ndoo mbili za maji baridi zilizomwagwa chini ya gari baada ya safari kama hiyo zina thamani kuliko kopo la rangi la kila mwaka, lakini ni wachache wanaokumbuka.

Kutu ya ndani inatoka wapi?

Kutu ya nje huonekana. Ya ndani ndiyo inayozimisha gari, na watu wengi wanaieleza kimakosa.

Maelezo yanayosikika gereji ni kwamba tangi 'linatoa jasho'. Mchana hewa iliyo juu ya petroli hupanuka na kutoka. Usiku inapopoa, tangi huvuta hewa mpya yenye unyevu, na unyevu huo hugeuka matone kwenye bati. Jambo hilo lipo, lakini hesabu yake inafaa kutazamwa. Tangi la lita 45 lililo nusu lina lita 23 hivi za hewa. Hewa ya Unguja yenye joto na unyevu mwingi hubeba gramu 20 hivi za mvuke wa maji katika kila mita moja ya ujazo. Kwa hiyo hewa yote iliyomo ndani ya tangi hilo ina chini ya nusu gramu ya maji, na inayobadilishwa kila usiku ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Jasho linaweza kuharibu gari lililosimama miezi mingi. Haliwezi kueleza nusu lita ya maji kwenye tangi la gari linalotembea kila siku.

Maji mengi kiasi hicho huingia kwa mlango. Kofia ya tangi iliyopoteza mpira wake, au kofia ya kubuni iliyofungwa kwa kitambaa na mfuko wa plastiki, hupitisha maji masika yote kuanzia Machi hadi Mei. Bomba la kujazia lililopasuka pale linapounganishwa na mpira hufanya vivyo hivyo. Lingine ni dumu. Petroli inayonunuliwa kwa dumu lililokuwa na maji, na ambalo halikukaushwa, huja na maji yake. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanazama na kutulia kwenye kona ya chini kabisa ya tangi, na hapo ndipo bati huanza kuliwa. Ndiyo maana matangi mengi hutoboka chini na si ubavuni.

Watengenezaji wa zamani walilijua tatizo hili. Matangi mengi ya enzi hizo yalifinyangwa kwa bati la chuma lililopakwa mchanganyiko wa risasi na stani, na ganda hilo ndilo lililoyawezesha kudumu miaka 30 au 40. Likishakwanguka au kuliwa, chuma kilichobaki ni kitupu. Lipo pia jambo la afya hapa. Petroli yenye risasi iliuzwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mpaka ilipoondolewa mwishoni mwa mwaka 2005, na tope kavu la tangi ambalo halijafunguliwa tangu wakati huo linaweza kuwa na masalia yake. Vumbi hilo halifai kupulizwa kwa mdomo wala kukwanguliwa mahali watoto wanapocheza. Na tangi kuukuu halifai kugeuzwa chombo cha maji ya kunywa, ya kunyweshea ng'ombe, wala jiko.

Sabuni ya mche na maradhi yake

Tangi likianza kuvuja njiani, kila dereva wa shamba anajua dawa: kipande cha sabuni ya mche kinasuguliwa kwenye tundu mpaka linaziba. 'Tia sabuni, baba, tufike sokoni.' Na kweli mnafika. Sabuni haiyeyuki kwa petroli, kwa hiyo inakaa. Inayeyuka kwa maji, na mvua ya kwanza au dimbwi la kwanza linaiondoa. Kwa siku moja ni msaada mzuri. Tatizo ni gari linalotembea na sabuni miezi mitatu, kila Jumamosi ikiongezwa kidogo.

Mwenye gari hilo anaona anaokoa fedha. Tone moja la petroli ni takriban sehemu ya 20 ya mililita. Tone moja kila baada ya sekunde tano linaonekana si kitu, lakini kwa saa 24 ni matone zaidi ya 17,000, sawa na mililita 860 hivi. Kwa siku 30 ni karibu lita 26. Bei za mafuta Zanzibar hutangazwa kila mwezi na mamlaka ya udhibiti, ZURA. Tuseme lita ni Sh3,000, hapo kinachodondoka chini ni karibu Sh78,000 kwa mwezi. Hiyo ni petroli inayolipiwa bila kusogeza gari hata hatua moja, na mvuke wake unatambaa chini ya gari ambalo huenda limeegeshwa nyuma ya nyumba, karibu na jiko la kuni.

Wengine huacha tangi kabisa. Wanaweka dumu la lita 20 ndani ya gari, nyuma ya kiti au chini ya miguu ya abiria, na mpira mmoja unaokwenda kwenye pampu. Hili linafanyika, na si Unguja tu. Ni hatari kuliko tangi linalovuja, kwa sababu mvuke unakaa pamoja na watu, kuna sigara, kuna nyaya za redio, na gari likigongwa dumu halina kitu kinacholishika. Kama hapana budi kubeba petroli kwenye dumu, lijazwe likiwa chini ardhini, si juu ya gari, maana umeme tuli wa plastiki unaweza kutoa cheche.

Tangi tupu linaua

Hapa ndipo panapotaka kusomwa polepole, hasa na vijana wanaojifunza kuchomea.

Watu wengi wanaogopa tangi lililojaa na kulidharau lililo tupu. Ukweli ni kinyume. Petroli yenyewe haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, na unawaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya mchanganyiko huo. Ukiwa chini ya hapo, mvuke hautoshi. Ukizidi, hewa haitoshi. Ndani ya tangi lililojaa hakuna nafasi ya hewa. Moto ukilifikia utawaka mdomoni. Tangi lililomwagwa likaachwa wazi lina hewa tele na mvuke kidogo, na kidogo ndicho kinachohitajika. Kwa tangi la lita 45, petroli isiyojaa kijiko kimoja cha chai ikigeuka mvuke inatosha kufikisha kiwango cha kulipuka. Kiasi hicho hujificha kwenye mshono wa bati, ndani ya tope la kutu au chini ya ukuta wa ndani unaozuia mafuta kuyumba. Mtu analinusa tangi, halina harufu kubwa, analiweka juani saa mbili, anaona limekauka. Mwali wa gesi unapogusa bati, joto linatoa kile kilichojificha kwenye mshono, na tangi linapasuka usoni mwa fundi.

Mvuke huo pia ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi juu ukapotea, unatambaa sakafuni na kutafuta mahali pa chini. Jiko la mkaa la mama ntilie lililo mita kadhaa kutoka gereji linaweza kuuwasha. Tanzania haihitaji kukumbushwa petroli inavyowaka: Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipopinduka na watu wakajitokeza kuchota, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha.

Fundi makini kwa hiyo hushusha tangi kwanza. Halichomei likiwa kwenye gari hata kama tundu ni dogo na mteja ana haraka. Betri hufunguliwa kabla ya kugusa mpira wowote wa mafuta. Petroli hutolewa kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko. Kofia, boya la geji na koki ya kumwagia vyote hufunguliwa, tangi huoshwa kwa maji ya moto na sabuni ya unga, hutikiswa, humwagwa, na hurudiwa mara tatu au nne. Mwisho, linapotakiwa kuchomewa, hujazwa maji mpaka karibu na tundu, sehemu ya kuchomewa ikiwa ndiyo ya juu kabisa, matundu yote yakiwa wazi ili mvuke wa maji upate pa kutokea. Nafasi ya hewa inayobaki iwe ndogo sana. Kwa tundu dogo, kulehemu kwa chuma cha moto na risasi ni salama kuliko mwali wa gesi, na kwa matangi ya zamani yaliyopakwa risasi na stani lehemu inashika vizuri. Lakini kuosha ni kulekule.

Kuna wanaotumia moshi wa ekzosi ya gari jingine kusukuma hewa kutoka ndani ya tangi. Wengi wamefanya hivyo wakanusurika, na hilo si ushahidi kwamba njia hiyo ni salama.

Kabla ya kutoa fedha kwa lolote, lakini, tangi lililoshushwa lipimwe. Bisibisi butu ikibonyezwa kwa nguvu za mkono kwenye sehemu ya chini na kwenye mishono, bati likizama au kupasuka, hakuna cha kuokoa. Likiwa limeshaoshwa na kukauka, tochi ya betri ikitiwa ndani, mahali penye giza, matundu yataonekana kama nyota. (Tochi, si kiberiti. Inashangaza kwamba neno hili bado linahitaji kuandikwa.) Kuna pia kipimo cha povu la sabuni: mdomo wa tangi unazibwa, mtu anapuliza kwa pumzi yake, povu linavimba palipo na tundu. Kompresa isitumike, kwa sababu bati jembamba hupasuka kwa upepo mdogo tu.

Matundu mawili matatu yaliyo karibu karibu yanazibika. Yakiwa kumi na tano yaliyosambaa, kuziba ni kupoteza fedha, maana kati yao bati lote limekuwa kama karatasi, na joto la kuziba moja linafungua jingine.

Dawa za kutu, kutoka jikoni hadi kwa fundi betri

Kama bati bado ni nene na tatizo ni kutu ya ndani, kazi ni ya kusafisha. Inaanza kwa nguvu: nati na bolti kiasi cha kopo moja, au mnyororo wa chuma, hutiwa ndani na tangi hutikiswa kwa nusu saa ili magamba yabanduke. Mnyororo ni bora, kwa sababu unatoka wote ukivutwa. Nati moja iliyobaki nyuma ya ukuta wa ndani itagonga mpaka gari liuzwe.

Baada ya hapo inatumika asidi nyepesi. Siki ya dukani inafanya kazi kwa siku moja au mbili. Kwa Vespa yenye tangi la lita nane hivi ni chaguo zuri. Kwa tangi la lita 45 siki ya kulijaza ni gharama, ndiyo maana unga wa ndimu, ule unaotiwa kwenye ubuyu na achari, unafaa zaidi: gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji ya moto, ukiacha kwa saa kadhaa hadi siku moja na kutazama kila mara. Ndimu zenyewe zisitumike. Maji yake yana asidi ileile lakini yana sukari na nyama ya tunda, na hivyo vitaishia kwenye chujio. Asidi ya fosforiki, mahali inapopatikana, ina faida ya ziada kwa kuwa hugeuza kutu iliyobaki kuwa ganda gumu linalochelewesha kutu mpya.

Isiyofaa ni asidi kali ya kusafishia vyoo na vigae. Ni rahisi, inatoa povu la kuvutia na ndani ya dakika chache tangi linang'aa. Pia inakula bati lenyewe. Tundu lililokuwa limezibwa na kutu linafunguka, na bati lililoachwa tupu linaota kutu ya manjano kabla fundi hajamaliza kunywa chai.

Ipo njia nyingine ambayo inastahili kujulikana zaidi, kwa sababu haili bati zima na vifaa vyake vipo kila mtaa: chaja ya betri ya volti 12 na magadi. Tangi hujazwa maji yaliyochanganywa na magadi, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne. Kipande cha nondo kinaning'inizwa ndani kupitia mdomo wa tangi, kimefungwa mpira au mti ili kisiguse bati popote. Waya hasi wa chaja unashikishwa kwenye tangi, waya chanya kwenye nondo. Ikiwashwa, povu linapanda na kutu inaachia polepole, usiku mzima au zaidi. Waya zikigeuzwa kwa makosa, tangi ndilo litakaloliwa badala ya nondo. Kazi hii ifanyike nje, kwa sababu povu hilo ni gesi inayowaka, na chaja izimwe kabla ya kugusa waya. Chuma kisichoshika kutu kisitumike badala ya nondo; kinaacha sumu kwenye maji.

Maji hayo, yawe ya asidi au ya magadi, yana petroli na kutu. Kuyamwaga kwenye shimo nyuma ya gereji ni jambo la kawaida na ni baya, hasa Unguja, kisiwa kinachotegemea maji ya ardhini. Chemchemi za Mtoni na Bububu zimelisha mji tangu enzi za masultani, na visima vya mitaani havina kina kirefu cha udongo wa kuvilinda, kwa kuwa chini ni mawe ya matumbawe yanayopitisha kila kitu.

Baada ya asidi, tangi husuuzwa kwa maji yenye magadi kidogo, kisha maji safi, kisha hukaushwa haraka kwa upepo wa kompresa mdomo ukiwa wazi. Haraka maana yake ni saa hiyohiyo. Nusu lita ya petroli iliyochanganywa na oili ikizungushwa ndani inalinda bati mpaka tangi lirudi kwenye gari. Kuna gundi maalumu za kupaka ndani ya tangi ambazo wenye magari ya zamani Ulaya na Marekani wanazitumia sana. Zinafanya kazi mahali palipo safi kabisa. Zikipakwa juu ya kutu au mafuta, zinabanduka baada ya miezi kadhaa kwa vipande kama maganda ya yai, na kuvitoa vipande hivyo ni kazi ngumu kuliko kutoa kutu.

Kununua au kutengenezesha

Tangi jipya la Land Rover za zamani bado linatengenezwa Uingereza. Tatizo ni kwamba tangi ni hewa iliyofungwa kwa bati: halina uzito lakini linachukua nafasi, na anayesafirisha hulipia nafasi. Ushuru wa bandarini unakuja juu ya hapo. Wengi hutafuta la mtumba, kwa wauza skrepa wa Unguja au kwa kuvuka hadi Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam. La mtumba lipimwe kwa bisibisi na tochi palepale dukani, kabla ya boti ya kurudi. Kinachofaa zaidi kuliko jina la gari ni umbo, mahali pa mikanda, na boya la geji. Geji ya gari moja ikiunganishwa na boya la jingine hudanganya, na gari huzima likionyesha robo tangi.

Njia ya tatu ni kutengenezesha. Fundi bati mzuri anaweza kukunja tangi kwa siku moja au mbili, na kwa gari la kazi hili mara nyingi ndilo jibu. Bati la chuma liwe la milimita 1.2 hadi 1.5, lenye ukuta wa ndani mmoja au miwili yenye matundu, na koki ya kumwagia maji iwekwe mahali pa chini kabisa, kitu ambacho matangi mengi ya kisasa hayana. Bati la kuezekea lisitumike. Ni jembamba, na zinki yake ikikutana na petroli yenye maji hutoa unga mweupe unaoziba kabureta kama kutu ilivyokuwa ikiziba.

Hesabu inaamua. Hizi ni namba za mfano, kila mtu aweke zake. Tuseme gari linaleta faida ya Sh60,000 kwa safari ya siku. Kiraka cha haraka ni Sh40,000 na kinadumu miezi miwili. Kwa mwaka ni viraka sita, Sh240,000, na siku sita zilizopotea, Sh360,000, jumla Sh600,000. Kusafisha na kulehemu ipasavyo tuseme ni Sh150,000 na siku nne gereji, Sh240,000. Hiyo ni Sh390,000, na ikidumu miaka mitatu ni Sh130,000 kwa mwaka. Tangi la kutengenezesha tuseme Sh450,000 na siku tatu, Sh180,000. Jumla Sh630,000, na likidumu miaka kumi ni Sh63,000 kwa mwaka.

Kwa hiyo kiraka kilichoonekana rahisi kinakula kwa mwaka mmoja karibu sawa na tangi jipya la miaka kumi. Hata anayekusudia kuuza gari mwakani, kusafisha kunamgharimu pungufu kuliko viraka. Kinachomzuia mtu si ujinga wa hesabu. Ni kwamba Sh40,000 anazo mfukoni leo, Sh450,000 hana, na ndizi ziko shambani zinaiva. Hapo mkopo wa kikundi au wa SACCOS una maana, kwa kuwa fedha inakwenda kwenye kitu kinachorudisha gharama zake ndani ya miezi inayohesabika.

Na kuna namna ya kupunguza siku za gereji ambayo wenye magari mawili matatu wameigundua wenyewe: kununua tangi bovu la pili kwa bei ya skrepa. Linasafishwa na kulehemiwa polepole huku gari likiendelea kufanya kazi na lile la zamani. Siku likiwa tayari, kubadilisha ni kazi ya saa chache; mikanda, mipira na klipu zinawekwa mpya, chujio jipya linafungwa kati ya tangi na pampu, na gari linalala nyumbani siku hiyohiyo. Chujio hilo lifunguliwe tena baada ya wiki moja na baada ya mwezi. Mwezi wa Februari, kabla masika haijaanza, ndio unaofaa kwa kazi hii. Anayengoja mpaka Aprili atalikausha tangi kwenye hewa yenye maji kuliko ndani ya tangi lenyewe.

Lile tangi la zamani lililotolewa lisiachwe uani likiwa wazi. Lioshwe, litobolewe kwa patasi na nyundo baada ya kujazwa maji, kisha liuzwe kwa kilo.